Yafahamu mambo ya kuzingatia unaponunua pedi na diski za breki

MADEREVA wanaosafiri kati ya Shinyanga, Kahama na Geita hawateremki milima mirefu kama wenzao wa Iringa au Mbeya, lakini breki zao hufanya kazi ngumu vilevile.

Makundi ya ng'ombe huvuka barabara ghafla, magari ya abiria hujazwa kupita kiasi, na vumbi la barabara za kwenda machimboni hupenya hadi kwenye magurudumu. Vumbi hilo lina chembechembe ngumu za mchanga, ambazo husaga pedi na kuchora mifereji kwenye diski.

Kwa kuwa vipuri vya kampuni iliyotengeneza gari huuzwa bei kubwa, wengi hununua vya watengenezaji wengine. Kufanya hivyo si kosa, kwani vipo vyenye ubora unaokubalika. Tatizo ni kuvitofautisha na vile bandia, ambavyo huwekwa kwenye maboksi yanayofanana.

Aina za pedi

Pedi laini, zilizotengenezwa kwa nyuzi na gundi, hazipigi kelele wala haziharibu diski. Hata hivyo, huisha haraka na hupungua nguvu zikipata moto.

Pedi zenye mchanganyiko wa chuma huhimili joto na mizigo, hivyo zinalifaa zaidi gari la abiria kama Noah au Hiace. Kasoro yake ni kelele na kula diski upesi.

Pedi za kauri ni tulivu na hutoa vumbi kidogo. Zinalifaa gari dogo la mjini, ingawa bei yake ni ya juu.

Soma alama

Herufi E ndani ya duara, ikifuatiwa na namba, hutumika kwa pedi zilizoidhinishwa chini ya Kanuni ya 90 ya Umoja wa Mataifa. Kanuni hiyo hutaka uwezo wa pedi usitofautiane na ule wa pedi asilia kwa zaidi ya asilimia 15.

Nyingine huwa na herufi mbili, mfano FF au GG. Ya kwanza huonyesha nguvu ya msuguano katika joto la kawaida, na ya pili katika joto kali. Herufi E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni hadi 0.45 na G ni hadi 0.55. Pedi yenye alama FE, kwa mfano, hulegea inapopata moto.

Alama pekee hazitoshi, kwani mghushi naye anaweza kuzichapa. Mnunuzi akague kama pedi imeshikamana vyema na bamba lake la chuma, haina nyufa, na namba yake inalingana na aina ya gari.

Diski

Diski nyingi huandikwa MIN TH, yaani unene wa chini unaoruhusiwa. Iliyofikia kipimo hicho haifai kuchongwa tena, ibadilishwe. Diski zenye matundu hazina faida kubwa kwa gari la kawaida.

Pedi na diski hubadilishwa kwa jozi, kulia na kushoto, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Pedi ikibaki na milimita 3, muda wake umekwisha.

Wakati wa kufunga

Fundi asafishe mafuta ya kuzuia kutu kwenye diski mpya, aondoe kutu kwenye habu na kulainisha pini za kalipa kwa grisi maalumu. Kilomita 300 za mwanzo dereva aepuke kufunga breki kwa nguvu, isipokuwa kwa dharura.

Aidha, vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa, bali lifutwe kwa kitambaa kibichi. Baadhi ya pedi, hasa za zamani, zina asbesto, ambayo husababisha saratani.

Mnunuzi adai risiti na kutunza boksi. Kipuri kikibainika kuwa bandia, vitu hivyo ndivyo ushahidi wake mbele ya Tume ya Ushindani (FCC), inayoshughulikia bidhaa bandia nchini.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu. Breki zikishindwa barabarani, unafuu wa bei uliopatikana dukani hauwezi kumrudisha abiria aliyepoteza maisha.