Draiva ya diski: rekodi ya mgonjwa inavyofika mahali salama

Draiva ya diski ni sehemu ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inayofahamu namna ya kuzungumza na kifaa cha kuhifadhia data. Programu nyingine huomba tu faili isomwe au iandikwe. Draiva hugeuza ombi hilo kuwa amri za diski, huzituma, husubiri majibu, kisha huiarifu kerneli kilichotokea. Inaonekana kazi ya karani, lakini uzito wake uko katika jibu hilo la mwisho. Draiva ikisema data imehifadhiwa ilhali haijahifadhiwa, kila tabaka lililo juu yake litaamini hivyo na kuendelea na kazi.

Mji wa Eldoret, Kenya, una sababu yake ya kulijali jambo hili. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa mji huo, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta kwa kutumia Microsoft Access. Mwaka huohuo ulizaliwa mpango wa AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na vyuo vya Amerika Kaskazini vinavyoongozwa na Chuo Kikuu cha Indiana. Wagonjwa wa VVU walipoongezeka, mfumo wa Mosoriot ulilemewa. Mwaka 2004 Paul Biondich na Burke Mamlin wa Taasisi ya Regenstrief walianza kusanifu OpenMRS, na Februari 2006 mfumo huo ukaanza kutumika Eldoret. KenyaEMR, inayotumiwa na vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu ya OpenMRS.

Njia ya data

OpenMRS imeandikwa kwa Java na huweka data zake katika hifadhidata ya MySQL. Karani akimaliza kuingiza fomu ya mgonjwa na kubofya kitufe cha kuhifadhi, MySQL huandika mabadiliko kwenye daftari lake la miamala, kisha huiita kerneli kwa amri ya fsync, inayodai kwamba kilichoandikwa kifike diskini kabla ya jibu kutolewa. Kwenye seva ya Linux ombi hupitia mfumo wa faili, kwa mfano ext4, likashuka hadi tabaka la bloku linalopanga maombi, likakabidhiwa draiva, na mwishowe likafika kwenye diski.

Katika njia hiyo data zinaweza kutua mahali patatu ambapo umeme ukikatika hupotea: kumbukumbu ya hifadhidata, kumbukumbu ambamo kerneli hushikilia kurasa za faili, na kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya diski yenyewe. Kenya ilipoingia gizani karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, seva yoyote isiyokuwa na betri wala jenereta ilibaki na kile tu kilichokwisha kuvuka sehemu hizo tatu. MySQL kwa kawaida husukuma daftari lake hadi diskini kwa kila muamala. Msimamizi anayetaka kasi anaweza kulegeza mpangilio huo ili usukumaji ufanyike mara moja kwa sekunde. Kwa kufanya hivyo amekubali kwamba kerneli ikianguka au umeme ukizimika, fomu za takriban sekunde nzima zaweza kutoweka.

Kazi ya draiva

Kompyuta inapowaka, kerneli hulinganisha namba ya utambulisho ya kifaa na orodha ambayo kila draiva imeitangaza. Draiva inayolingana hukichukua kifaa, hutenga kumbukumbu, huandaa foleni za amri na kujisajili katika tabaka la bloku. Diski za SATA zinazotumia utaratibu wa AHCI zina foleni moja ya amri 32. Kiwango cha NVMe kilichotolewa mwaka 2011 kinaruhusu hadi foleni 65,535, kila moja ikibeba amri 65,536. Draiva ya NVMe iliyoandikwa na Matthew Wilcox iliingia katika Linux mwaka 2012, na miaka miwili baadaye tabaka la bloku lenyewe likapata muundo mpya wa foleni nyingi, ili kila prosesa iweze kutuma maombi bila kugombania kufuli moja na wenzake.

Data zenyewe hazipiti ndani ya prosesa. Draiva huionyesha diski anwani za kumbukumbu, nayo diski huchota au kuweka data hapo moja kwa moja. Ikimaliza, hutuma ishara ya kukatiza. Prosesa husitisha ilichokuwa ikifanya, draiva husoma matokeo na kulifunga ombi. Jibu lisipokuja kwa muda uliowekwa, ambao mara nyingi ni sekunde 30, draiva hujaribu kuifuta amri. Ikishindikana hukiwasha upya kidhibiti cha diski na kuyarudisha maombi yaliyokuwa njiani.

Kuna wajibu mmoja unaosahaulika kwa urahisi. Draiva lazima iitangazie kerneli kama diski ina kumbukumbu ya ndani inayofutika umeme ukienda. Ikilitangaza hilo, kerneli itatuma amri ya kuimwaga kumbukumbu hiyo kila fsync inapoitwa. Isipolitangaza, amri hiyo haitumwi kamwe, na mfumo utaonekana wenye kasi ya kupendeza mpaka siku umeme utakapokatika.

Aina za hitilafu

Hitilafu za draiva hujirudia katika makundi machache. Kundi la kwanza ni matumizi mabaya ya kumbukumbu: draiva imeachilia kipande cha kumbukumbu wakati diski bado inaandika humo, na data za mgonjwa zinamwagika juu ya kitu kingine. La pili ni mpangilio wa wakati: prosesa mbili zinagusa ombi moja kwa pamoja, au jibu linafika sekunde ileile ambayo muda wa kusubiri umekwisha, na ombi linafungwa mara mbili. La tatu ni kufuli kukwamana, kila upande ukisubiri mwenzake aachilie. La nne, ambalo halijaribiwi sana, ni njia za makosa, yaani mistari ya msimbo inayotumika tu diski inapokuwa mbovu.

Si kila lawama ni ya msimbo. Vichwa vya diski za sahani huelea juu ya hewa, na diski nyingi za aina hiyo zimeidhinishwa kufanya kazi hadi mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Eldoret iko karibu mita 2,100, kwa hiyo imo ndani ya mpaka, ila nafasi iliyobaki ni ndogo kuliko ya Mombasa. Nyaya zilizolegea na umeme unaoyumba navyo hutoa makosa yanayofanana kabisa na ya draiva.

Zana za msakaji

Hatua ya kwanza ya kusaka hitilafu ni kusoma kumbukumbu za matukio ya kerneli kwa amri ya dmesg. Mlolongo wa maombi hufuatiliwa kwa blktrace, iliyotungwa na Jens Axboe, ambayo huonyesha ombi lilipoingia foleni, lilipokabidhiwa draiva na lilipokamilika. KASAN hunasa matumizi mabaya ya kumbukumbu, na lockdep huonya juu ya mpangilio hatari wa kufuli hata kabla mfumo haujakwama.

Mwanafunzi wa Eldoret hahitaji maabara ya gharama kubwa. QEMU huiga kompyuta nzima pamoja na diski ya NVMe ndani ya laptopu, kerneli ikianguka humo hakuna kinachoharibika nje. Moduli za null_blk na scsi_debug huunda diski za bandia, dm-flakey hugeuza diski nzima kuwa korofi kwa makusudi, na xfstests na blktests hutoa majaribio yaliyokwisha kuandikwa.

Mshukiwa asiye na hatia

Kisa cha mwaka 2018 kinaonyesha kwa nini tabaka linalolia si lazima liwe ndilo lenye ugonjwa. Linux 4.19 ilipotoka Oktoba, baadhi ya watumiaji waliripoti mafaili yaliyoharibika, na makosa mengi yalitajwa na ext4. Theodore Ts'o, msimamizi wa ext4, hakuweza kuyarudia kwenye mashine zake. Watumiaji walilinganisha mipangilio yao na kujaribu matoleo ya kati, nusu kwa nusu, hadi alama zikaelekea tabaka la bloku.

Chanzo kilikuwa hiki: ombi lilipelekwa moja kwa moja kwa kifaa, tabaka la SCSI, lililo kati ya tabaka la bloku na draiva, likaandaa orodha ya anwani zake za kumbukumbu, kisha likajibu kwamba kifaa kina shughuli. Ombi likarudishwa kwenye foleni ya kawaida, ambako liliweza kuunganishwa na ombi lingine. Orodha iliyoandaliwa mwanzoni haikulingana tena na ombi lililokua. Jens Axboe alitoa marekebisho mwanzoni mwa Desemba.

Mwaka huohuo watunzaji wa hifadhidata ya PostgreSQL waligundua kwamba uandishi ukishindikana, Linux iliweza kuripoti kosa mara moja na kuzihesabu kurasa zile kuwa safi. Fsync iliyorudiwa ilifaulu ingawa data hazikuwako. Tangu Februari 2019 PostgreSQL, badala ya kurudia, hujisimamisha na kujijenga upya kutoka kwenye daftari lake.

Jaribio la kufaa

Kwa seva inayobeba rekodi za wagonjwa, kipimo cha kuaminika ni kuzima umeme kwa makusudi kabla ya seva kuanza kazi. Programu ndogo huandika namba mfululizo, huita fsync kwa kila moja, na kutuma namba iliyothibitishwa kwa kompyuta nyingine. Waya huchomolewa katikati ya kazi, seva huwashwa upya, na namba ya mwisho iliyomo diskini hulinganishwa na ile iliyopokelewa upande wa pili. Diski ikiwa na namba pungufu, kuna tabaka lililothibitisha kabla ya wakati. Jaribio hurudiwa mara nyingi, kisha kwa diski ya aina nyingine na kwa kerneli nyingine, mpaka ijulikane ni tabaka lipi, na seva haipokei fomu ya mgonjwa hata mmoja kabla tabaka hilo halijarekebishwa.