Doctor Who: Episodi Zilizofutwa na Watu Wasio na Majina Waliozirudisha

Kama simu yako imewahi kukuandikia kwamba nafasi imejaa, ukaanza kufuta video za mwaka jana ili upate pa kurekodia harusi ya leo, basi BBC ya miaka ya 1960 na 1970 unaielewa vizuri tu. Walifanya hicho hicho. Ila video zao zilikuwa Doctor Who.

Kwa ambao hawaijui, hii ni sirizi ya Uingereza kuhusu jamaa anayeitwa Daktari, si binadamu wa dunia hii, anayekatiza muda na anga ndani ya kibanda cha simu cha polisi. Ilianza Novemba 23, 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa kule Marekani. Ikasimama 1989, ikarudi 2005, na vijana wengi wa leo wameijulia hapo iliporudi. Ya nyuma wanaisikia tu.

Na hiyo ya nyuma ina mashimo. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na episodi 253, zote nyeusi na nyeupe. Baada ya kanda kutafutwa miaka na miaka, hadi mwisho wa 2013 zilikuwa bado hazijapatikana 97. Yaani zaidi ya theluthi moja.

Sababu haikuwa chuki. Kanda ya video enzi hizo ilikuwa na upana wa inchi mbili na bei yake si ya kuchezea. Mikataba na waigizaji ilibana kurudia vipindi, na hakuna aliyewaza kwamba kuna siku mtu atanunua kipindi cha zamani akae nacho nyumbani. Kwa hiyo kikisharushwa, kanda inafutwa inarekodiwa mambo mengine. Nakala za filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuza nje nazo nyingi zikateketezwa. Hali ikaendelea hivyo mpaka 1978. Waliobonyeza kitufe cha kufuta walikuwa wafanyakazi wa kawaida waliopewa orodha, wakamaliza zamu, wakaenda zao nyumbani.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo, wadau. Wakati shirika linafuta, kulikuwa na vijana mitaani wanaorekodi. Si picha, maana mashine ya kurekodi picha nyumbani haikuwepo kwa mtu wa kawaida. Walirekodi sauti. Unaweka maikrofoni mbele ya spika ya TV, unawaambia wa nyumbani wanyamaze dakika 25, unabana pumzi. Hawakuwa wanahifadhi historia, walitaka tu kusikia tena kipindi walichokipenda. Lakini kwa sababu yao, kila moja ya hizo episodi 97 sauti yake ipo, kamili.

Kulikuwa pia na mpiga picha mmoja jijini London ambaye kazi yake ilikuwa kupiga picha kioo cha TV wakati kipindi kinaendelea, kisha anawauzia waigizaji na waongozaji wapate kumbukumbu ya kazi yao. Picha zake ndizo zinazoonyesha leo nani alisimama wapi na amevaa nini. Halafu kuna kichekesho cha Australia: wakaguzi wa huko walikata vipande walivyoona vinatisha watoto, wakavitunza kwenye faili. Episodi zenyewe zikapotea, vipande vilivyokatazwa vikabaki! Vikaja kupatikana 1996.

Na Afrika imo kwenye stori hii. Filamu za Doctor Who ziliuzwa kwa vituo vya TV vya nchi nyingi, zetu za bara hili zikiwemo. Kituo kikimaliza kuonyesha kilitakiwa kurudisha, kupeleka kituo kingine au kuharibu. Si wote waliofanya hivyo. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba episodi 9 zilizokuwa zimepotea zimepatikana kwenye kituo kimoja mjini Jos, Nigeria, za hadithi mbili, The Enemy of the World na The Web of Fear. Zilikuwa kwenye rafu, zina vumbi. Nani hakuzitupa? Hatajwi popote. Aliyezikuta anasema The Web of Fear ilikuwa pale yote, episodi sita, lakini mzigo ulipofika Uingereza ya tatu haikuwemo. Mwaka 2021 ikabidi hiyo moja itengenezwe kwa katuni za kompyuta.

Katuni ndiyo njia iliyotumika zaidi kuziba mashimo. Unachukua ile sauti ya vijana wa maikrofoni, unaisafisha, unachora picha juu yake. Ilianza na The Invasion mwaka 2006. Mwaka 2016 ikaja The Power of the Daleks, hadithi ya kwanza ya Daktari wa pili, episodi zote sita. Hii ilikuwa muhimu kweli, maana sirizi nzima imeishi kwa ujanja wa kubadilisha mwigizaji, na hadithi iliyomtambulisha yule wa kwanza kubadilishwa haikuwepo.

Kuna marekebisho ya aina nyingine ambayo hayana dharura hiyo. Novemba 2023 BBC walichukua hadithi ya Dalek ya kwanza kabisa, ambayo haikupotea, wakaitia rangi, wakaongeza muziki mpya, wakaikata episodi saba ziwe dakika 75. Rangi zinavutia, hakuna ubishi. Ila ule woga wa kutembea taratibu kwenye korido za chuma umekimbizwa kama mtu anawahi daladala. Heri ya zamani ipo bado, anayeitaka ataipata.

Kazi ya maana zaidi ilifanywa na wanafunzi. Mission to the Unknown ni episodi moja ya mwaka 1965 ambayo Daktari mwenyewe hayumo kabisa. Ilipelekwa Australia ikakaguliwa lakini haikuonyeshwa, na haikurushwa nje ya Uingereza. Kwa hiyo hakuna rafu ya Jos ya kuitegemea. Mwaka 2019 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Central Lancashire, mjini Preston, wakaamua kuiigiza upya kutoka mwanzo: seti, mavazi, madude ya chuma. Wangeweza kuipa rangi na kasi ya kisasa. Hawakufanya hivyo. Wakaiacha nyeusi na nyeupe, kioo cha umbo la mraba-mraba kama TV za babu, mwendo ule ule wa taratibu.

Ikawekwa YouTube kwenye chaneli ya Doctor Who Oktoba 9, 2019, miaka 54 kamili tangu ya kwanza irushwe. Siku filamu ya kweli ikiokotwa kwenye stoo ya mtu, kazi yao itawekwa pembeni ipimwe dakika kwa dakika, na huenda wao ndio watakaokuwa wa kwanza kukaa mbele ya kioo kuangalia.