Jicho Jekundu: Historia ya Alama Moja ya Uzee katika Usukuma

Mada ya mhadhara huu ni uzee, nami naomba niitazame kupitia kiungo kimoja tu cha mwili, yaani jicho. Mwili wa mtu aliyevuka miaka 60 hubadilika kwa namna zinazojulikana: nywele huota mvi, ngozi hufanya makunyanzi, magoti hugoma, na macho hukauka, hutokwa machozi pasipo huzuni na aghalabu huwa mekundu. Kwa wengi wetu tuishio mijini mambo hayo ni usumbufu tu. Tunanunua miwani na kuendelea na shughuli. Lakini tukisimama Ipililo, wilayani Maswa, na kuitazama nchi ya Usukuma iliyotuzunguka, kuanzia Bariadi na Meatu hadi Magu na Shinyanga, tunaikuta historia ambamo wekundu wa jicho uligeuzwa kuwa ushahidi wa mashtaka. Siitaji Ipililo kwa kuwa imewazidi jirani zake kwa ubaya. Naitaja kwa kuwa ni mahali pa kawaida pa wakulima na wafugaji, na kadhia ninayoieleza iliwahusu watu wa kawaida.

Nianze na maneno, maana ndiyo kazi yangu. Kisukuma humwita mwanamke mzee ngikulu. Ndani ya neno hilo limo shina -kulu, ambalo katika Kiswahili limepoteza sauti /l/ na kubaki -kuu, kama tulionavyo katika mkuu na ukuu. Kihaya nacho kina omukaikuru, lenye shina hilo hilo. Kwa mintarafu ya lugha hizi, basi, mwanamke akizeeka huongezeka. Kiswahili cha pwani kilikwenda njia nyingine pale kilipokopa kutoka Kiarabu. Mwanamume aliyezeeka kilimwita shaibu, kwa mzizi unaohusu weupe wa nywele. Mwanamke kilimwita ajuza, kwa mzizi unaohusu kushindwa na kukosa nguvu. Mmoja alipewa jina kwa mvi zake, mwingine kwa udhaifu wake. Kisha tunayo kizee na kikongwe, yenye kiambishi ki-, ambacho mara nyingi hudunisha. Najua kwamba ki- hiyo hiyo imo katika kiongozi, na sidai kwamba ngeli za nomino huua watu. Nadai tu kwamba mtu hutamkwa kuwa mdogo kabla ya kutendewa kama mdogo.

Sasa tuingie jikoni. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, kwa uongozi wa mtaalamu wa mbung'o C.F.M. Swynnerton aliyefanya utafiti wake Shinyanga, iliendesha kampeni za kufyeka vichaka ili kumfukuza mdudu huyo aliyeua mifugo na kuleta malale. Mashamba ya pamba yakafuata, mifugo ikaongezeka, na nchi kubwa ikabaki wazi. Ilifika mahali Mwalimu Nyerere, alipoizuru Shinyanga mwaka 1984, akashtushwa na ukame wa ardhi aliyoiona. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulianza mwaka 1986. Wanahistoria wa mazingira wameieleza vizuri habari hii ya miti. Isiyoelezwa sana ni habari ya mpishi. Kuni zilipoadimika, wanawake walipikia mabua, miti ya pamba iliyokwisha kuvunwa na kinyesi kikavu cha ng'ombe, juu ya mafiga, ndani ya nyumba yenye matundu madogo ya hewa. Nishati hizo hutoa moshi mzito. Msichana aliyeanza kupika akiwa na miaka minane, alipofika miaka 60 alikuwa ameinamia moshi kwa zaidi ya nusu karne. Ongeza hapo ugonjwa wa vikope kwa waliokosa maji na tiba, na ukavu wa macho unaoletwa na umri wenyewe. Mbung'o, pamba na chungu cha ugali vyote vimo katika wekundu wa jicho hilo.

Imani ya uchawi si ya jana. Shina la kuloga limeenea katika lugha nyingi za Kibantu, jambo linaloonyesha ukale wake. Hata hivyo ukale wa imani hautoshi kueleza mauaji, kwa sababu mauaji hayakuwa ya kiwango kimoja nyakati zote. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye amelichunguza suala hili kuliko wengi, ameonyesha kwamba enzi za watemi shutuma ilikuwa na mkondo wake: ilipelekwa kwa mtemi, na mara nyingi aliyetiwa hatiani alifukuzwa katika himaya. Wakoloni walitunga sheria ya uchawi mwaka 1922 na kuitunga upya mwaka 1928. Sheria hiyo humwadhibu anayejidai kuwa mchawi, na pia humwadhibu anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Sehemu hii ya pili imesahauliwa mno. Mwaka 1963 utemi ulifutwa. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikazihamisha kaya zilizokuwa zimetawanyika mashambani na kuzipanga zikipakana. Mtoto wa jirani alipokufa, ngikulu aliyekuwa zamani mbali sasa alikuwa mlangoni.

Takwimu alizozichambua Mesaki zinatisha. Kati ya mwaka 1970 na 1984, watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara katika matukio yaliyohusishwa na uchawi. Wengi wao waliuawa Usukuma, na katika hao wengi walikuwa wanawake. Sehemu kubwa ya wanawake hao walikuwa wazee. Mganga wa ramli hakuhitaji kutaja jina. Ilitosha kusema mama mzee, wa upande fulani wa kijiji, mwenye macho mekundu. Mimi mwenyewe nimevuka 60, na macho hunitoka machozi kila nisomapo maandishi madogo. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninamloga nani.

Magazeti yetu yalilipatia jambo hili jina: mauaji ya vikongwe. Tulichanganue kidogo. Muuaji hayumo, kwani mauaji ni nomino isiyodai mtenda. Jinsia haimo, ingawa wengi wa waliouawa walikuwa wanawake. Kiambishi vi- kimeshafanya kazi yake. Habari ikiendelea husema kwamba marehemu ameuawa "kutokana na imani za kishirikina", na hivyo imani ikawa ndiyo mwenye panga. Ukweli ni kwamba mara nyingi walikuwapo watu waliolipwa ili waue, na nyuma yao jamaa wa karibu, wakati mwingine wenye kuutaka urithi wa shamba la mjane.

Kwamba jicho halikuwa sababu yenyewe, limethibitishwa na mchumi Edward Miguel katika utafiti aliouchapisha mwaka 2005. Alichunguza vijiji 67 vya wilaya ya Meatu, jirani kabisa na Maswa. Aligundua kwamba katika miaka ya mvua zilizokithiri, iwe ukame au mafuriko, mauaji ya watuhumiwa wa uchawi yalikuwa takriban mara mbili ya miaka mingine, na waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee, tena mikononi mwa ndugu zao. Macho yalikuwa mekundu kila mwaka. Kilichobadilika ni chakula ghalani.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la MAPERECE la Magu, kwa ushirikiano na HelpAge, lilianza kuzungumza na waganga na wanavijiji, likasaidia kujenga nyumba za wajane na kuhimiza majiko sanifu yanayopunguza moshi. Wakati huo ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayohifadhiwa kwa desturi ya Kisukuma, zilikuwa zikirudi kutokana na kazi ya HASHI, hadi kuzidi hekta 300,000, na pamoja nazo kuni. Sera ya Taifa ya Wazee ilipatikana mwaka 2003. Miguel alipendekeza pensheni kwa wazee, ili ngikulu awe mtu anayeleta kitu nyumbani hata mwaka wa njaa. Zanzibar ilianza kumlipa kila aliyefikisha miaka 70 mwezi Aprili 2016, bila kuuliza alifanya kazi gani. Kwa ngikulu wa Ipililo umri peke yake haujawa hati ya malipo. Huyo husubiri jina lake lipatikane katika orodha ya kaya maskini ya TASAF, na orodha hiyo huanza kuandikwa katika mkutano wa kijiji, mbele ya majirani wale wale.