Kamba ya Chuma na Moyo wa Katani

Ukitoka Korogwe kwenda Same, ukishaipita Mombo, milima ya Usambara inakuandama mkono wa kulia kama ukuta usio na mlango. Mkumbara iko hapo chini ya ukuta, na mabasi hayakai sana. Siku niliyoshuka, utingo aliniuliza mara mbili kama kweli ndipo ninapokwenda. Nilikuwa nafuata kamba.

Kamba yenyewe ilimaliza kazi zamani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walitandaza hapa njia ya kamba za chuma angani, kilomita 9 hivi, kutoka stesheni ya Mkumbara hadi kule juu Shume, mahali walipopaita Neu-Hornow. Kampuni ya Wilkins na Wiese ilikuwa ikikata miti ya mwangati kwenye misitu ya baridi ya huko. Mwangati una mbao nyekundu zinazonukia, laini kuchongeka, zinazofaa hata kwa penseli. Reli ya Usambara ilikuwa imefika Mombo mwaka 1905 na ilikuwa inasogea kuelekea Moshi, ambako ilifika 1911. Lakini treni haiparamii ukuta, na kati ya msitu na reli palikuwa na mteremko wa zaidi ya mita 1,000. Basi mbao zikashushwa zikining'inia.

Nilisimama pale bondeni, jua la saa saba utosini, nikajaribu kuuona mzigo wa mbao ukitoka kwenye ukungu na kuteremka kimya juu ya vichwa vya watu. Swali lililonipata ni la kitoto: kamba ile ilitoka wapi? Sina maana ya kiwanda kilichoisokota. Nauliza nani kwanza alifikiri kwamba chuma kinaweza kusokotwa kama usumba wa nazi.

Jibu liko Clausthal, mji wa machimbo katika milima ya Harz, Ujerumani. Huko walichimba fedha na risasi kwa mamia ya miaka, na kadiri mashimo yalivyozidi kwenda chini, ndivyo kupandisha mawe kulivyozidi kuwa taabu. Kamba zao zilikuwa za nyuzi za mmea wa bangi (msicheke, ndiyo iliyovuta majahazi ya Ulaya yote), na kwenye unyevunyevu wa shimoni zilioza. Wakahamia minyororo. Mnyororo hauozi, lakini ni mzito, na una tabia mbaya zaidi: hukatika bila kutoa taarifa. Pete moja ikiachia, mzigo wote umekwenda.

Wilhelm Albert, aliyekuwa ofisa mkubwa wa machimbo hayo, alisomea sheria, si ufundi. Pengine ndiyo maana hakuridhika na maneno ya mafundi kwamba mnyororo uliokatika ulikuwa mbovu tangu mwanzo. Mnamo 1829 alitengeneza mashine ya kuupa mnyororo mzigo, kuuondoa, kuurudisha, tena na tena. Akaona jambo ambalo halikuwa limepimwa hivyo kabla yake: chuma kinachoka. Mzigo ambao mnyororo unaumudu leo bila shida unaweza kuukata kesho, kwa sababu tu umeubeba mara nyingi mno.

Ndipo akaja na kamba yake. Alichukua waya za chuma zenye unene wa milimita 3.5, akasokota waya nne kuwa msokoto mmoja, kisha misokoto mitatu ikawa kamba moja ya milimita 18. Kazi yote ilifanywa kwa mikono. Tarehe 23 Julai 1834 kamba hiyo ilianza kazi katika shimo la Caroline, lenye kina cha mita 484. Waya 12 tu! Lakini waya moja ikikatika, zile 11 zinaendelea kuubeba mzigo, na mkatiko huo unaonekana kwa macho kabla mtu hajafa. Mwaka uliofuata Albert alichapisha maelezo ya namna ya kuitengeneza, na machimbo mengine yakaiga.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1840 Mskoti Robert Newall alileta mashine ya kusokotea, na akaweka kitu katikati ya waya, kamba laini ya nyuzi. Nitalirudia hilo. Chuma cha pua kikachukua nafasi ya chuma cha kawaida. Mwaka 1874 Adolf Bleichert, aliyeweka kiwanda chake Leipzig, akajenga njia yake ya kwanza ya angani kwa kamba mbili: moja imetulia, inabeba magurudumu, nyingine inazunguka, inavuta. Mzigo ukishuka unasaidia kupandisha vibebeo vitupu. Kampuni yake ndiyo iliyotandaza kamba za Mkumbara.

Waingereza nao hawakukaa. Reli yao kutoka Mombasa ilipofika ukingoni mwa Bonde la Ufa, kule Kikuyu, ilikuta genge la kutisha, na njia ya kudumu ingechukua muda. Wakaweka reli ya muda iliyoinama moja kwa moja na kuyateremsha mabehewa kwa kamba za chuma, moja likishuka, jingine likipanda upande wa pili. Mpaka njia ya kudumu ilipokamilika 1901, kila kilichokwenda mbele kujenga reli ya Kisumu kilipitia kwenye kamba hizo.

Sasa nirudi kwa Newall na kile kitu cha katikati. Misokoto ya waya ikizungushiwa utupu, hulaliana na kusagana. Inahitaji mto wa kuegemea, na mto huo uwe na uwezo wa kunywa grisi na kuitema polepole kila kamba inapopinda kwenye roda. Na nyuzi zilizofanya kazi hiyo duniani kwa miongo mingi zilikuwa za katani.

Mwaka 1893, mwaka ule ule reli ya Usambara ilipoanza kujengwa pale Tanga, Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliletewa miche ya mkonge, mmea unaotoa katani, kutoka Florida. Iliagizwa 1,000, iliyofika hai ni 62. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo yakatoka mashamba yale yanayopakana na barabara hadi leo, na Tanganyika ilipopata uhuru 1961 ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, ikizalisha takriban tani 200,000 kwa mwaka. Baadaye nailoni na nyuzi nyingine za viwandani zikaubomoa uchumi huo, na kamba nyingi za kreni siku hizi zina moyo wa plastiki au wa chuma kitupu. Lakini za katani bado zinatengenezwa.

Niliyajua haya kwenye karatasi tu, mpaka nilipofika kwenye karakana moja mjini Tanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usiishike kwa mkono."

Alikuwa anakagua kamba ya winchi. Alichukua kitambaa kikuukuu, akakikunja juu ya kamba na kukiburuta taratibu. Kitambaa kikanasa. Akasimama, akaniita: pale palikuwa na waya mbili zilizokatika, ncha zimesimama kama miiba ya samaki. Akaweka alama ya chaki, akaendelea.

Nilimuuliza kamba hufa vipi. Alisema kuna kifo cha nje, hicho kitambaa kinakijua. Cha kuogopa ni cha ndani. Grisi ikiisha, katani hukauka na kuwa vumbi, misokoto inaanza kutafunana, kamba inakonda, na kwa nje bado inang'aa. Ndiyo maana huipima unene kila mara. Na kamba inayokatika kwa tani 10 yeye haipi zaidi ya mbili, hata tajiri akipiga kelele.

Nilipoaga alinikatia kipande cha kamba aliyokwisha kuitupa. Kina unene wa milimita 18, sawa na ile ya Albert. Nimekifungua mezani kwangu: misokoto sita, kila mmoja una waya 19, jumla waya 114, na katikati kuna kamba ya katani yenye unene wa penseli. Imekuwa nyeusi, na ukiibana bado inatoa grisi.