Mazoezi Yetu ya Idi, Riyadh na Jeddah, 1990

Kamati ya kitabu chetu imeniomba niandike habari za onyesho la Idi tulilolifanya Jeddah mwaka 1990. Wanasema walioliona wanapungua, na vijana wanadhani wazee wao walikaa Saudia miaka ile yote bila ya kusikia hata udi. Nimekubali, lakini nitasema zaidi juu ya mazoezi kuliko onyesho lenyewe. Onyesho lilikuwa la usiku mmoja. Mazoezi yalichukua miezi miwili, na humo ndimo mlimokuwa na mambo.

Kwanza vijana wafahamu hali ilivyokuwa. Saudia haikuwa nchi isiyo na muziki. Televisheni ilianza Riyadh na Jeddah mwaka 1965, na baadaye waimbaji kama Talal Maddah na Mohammed Abdu wakaingia katika nyumba za watu. Wimbo wa Idi wa Mohammed Abdu ulipigwa sikukuu hata sikukuu, mpaka watoto wetu wasiojua Kiarabu sawasawa wakaufuatisha. Katika mitaa ya zamani ya Jeddah wenyeji walicheza mizmari kwa fimbo na ngoma, mchezo ambao mtu wa pwani akiutazama hukumbuka kirumbizi. Harusini wanawake walikuwa na waimbaji wao na madufu yao. Lakini maonyesho ya hadhara, ya jukwaa na tikiti, yalipungua, na baada ya msiba wa Msikiti wa Makka wa Novemba 1979 mambo yalizidi kukazwa. Muziki ukarudi ndani ya kuta. Nasi tuliokuwa wageni tukafuata desturi hiyo hiyo: ukitaka kuimba, funga mlango kwanza.

Shangazi yangu alikuwa Jeddah, mtaa wa Kandara. Alitoka Unguja baada ya 1964. Ujanani aliimba katika chama cha taarab cha wanawake, zama za vyama vyenye majina kama Royal Navy na Nuru el-Uyun. (Msicheke, vijana. Hapakuwa na merikebu wala baharia, palikuwa na mabibi na kanga zao.) Jeddah hakuimba ila jikoni na harusini kwa wanawake wenzake. Ndugu wa kamati ya Idi walipomwomba aimbe nyimbo mbili, alikubali kwa sharti moja, kwamba apigiwe muziki kamili, asipigiwe masufuria.

Muziki kamili ulikuwa Riyadh, karibu kilomita 950. Mimi nilikuwa nikifanya kazi ya hesabu huko, nikikaa Malaz pamoja na vijana wenzangu wa Mombasa na Ngazija. Tulikuwa na magitaa mawili, besi, kinanda kidogo cha Casio na dumbaki yangu. Mpiga gitaa wetu wa kwanza aliwahi kupiga katika mahoteli ya pwani ya Mombasa, siku zile Them Mushrooms walipokuwa wakivuma kwa watalii. Alijua kuchangamsha watu, taarab hakuijua. Aliiona muziki wa mama zake.

Mazoezi tulianza Shaaban. Shangazi alijirekodi Jeddah pamoja na mzee mmoja wa Lamu aliyempigia udi, kaseti ikaletwa na msafiri. Sisi tukaitoa nakala kila mtu apate yake, tukajifunza. Kila Alhamisi usiku tulifunga madirisha, tukatia mablanketi mlangoni. Jirani hakulalamika hata siku moja. Baadaye tulijua kuwa alikuwa kiziwi.

Ulipoingia Ramadhani tulikubaliana kuweka vyombo. Hakuna aliyetulazimisha, tuliona haya wenyewe. Lakini nyimbo zingesahaulika, basi baada ya tarawehe tukawa tunakaa katika duara, tunasema maneno kwa midomo mitupu na mapigo tunayapiga magotini. Nasema kweli, mwezi ule ndio uliotufundisha. Mpiga gitaa wetu alikuwa na pupa, alimkimbiza mwimbaji. Aliponyang'anywa gitaa akalazimika kusikiliza maneno, akajua mwimbaji anavuta pumzi wapi, na wapi neno linataka kungojewa.

Siku za mwisho za Ramadhani tulipanda basi la SAPTCO, magitaa yamefungwa kwa mablanketi. Usiku wa Idi mosi tukakutana nyumbani kwa shangazi kwa mazoezi ya pamoja, ya kwanza na ya mwisho. Sisi wanaume tulikaa majilisi, yeye chumba cha pili, katikati pazia, na waya wa mkrofoni umepita chini yake.

Tukapiga mapigo ya mwanzo. Shangazi hakuingia. Tukarudia mara ya pili na ya tatu, kimya. Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Baba'angu, mnanipeleka darini, na ngazi hamkunipa."

Mpiga gitaa akaninong'oneza kuwa bibi sauti imekwisha. Yule mzee wa Lamu hakusema kitu, aligusa uzi wa udi wake, kisha akamwashiria kijana aguse wake. Tulikuwa juu yake kwa sauti nzima! Kosa lilikuwa la kaseti. Mashine ya Jeddah ilizunguka polepole ilipokuwa ikirekodi, na ya kwetu Riyadh ilikwenda mbio. Kasi ikizidi kiasi cha asilimia 6 tu, sauti hupanda nusu. Na hapa makosa mawili yalipandana. Miezi miwili tulijifunza nyimbo za mwanamke ambaye hakuwapo, kijana zaidi, mwenye koo jembamba.

Palizuka ubishi. Vijana walisema vidole vimeshazoea, na shangazi ajaribu kidogo. Mzee akajibu, "Nyuzi hulegezwa. Koo la mtu halilegezwi." Basi tukalegeza nyuzi zote. Besi ikawa inatikisika kama kamba ya kuanikia nguo. Casio, alhamdulillahi, ilikuwa na swichi ya kushusha.

Ilipofika saa nane za usiku shangazi akaimba. Sitaieleza sauti ile, siwezi. Nitasema tu kuwa mpiga gitaa alikosa zamu yake, na hakuna aliyemkaripia.

Palikuwa na jambo jingine zito. Ami yetu mmoja, mtu mwema, msomaji wa maulidi, hakuridhika kabisa kuwa mwanamke aimbe wanaume wasio maharimu zake wasikie, pazia lisipazia. Hakugombana. Usiku wa onyesho, Idi tatu, katika istiraha ya kukodi nje ya mji yenye kuta ndefu, alikaa nasi kwenye kasida za watoto, akacheka kichekesho cha mshamba aliyepotea Bab Makkah mpaka akatoa machozi. Zamu ya shangazi ilipofika akatoka, akaenda kukaa ndani ya gari lake. Nilipopeleka chai nilikuta kioo cha gari kimeteremshwa. Sikumwuliza, na nyinyi msiniulize. Mimi sikubaliani naye hata leo, lakini namheshimu kwa kuwa hakutuvunjia shughuli.

Onyesho lilipita salama. Agosti mwaka ule Iraki ikaingia Kuwait, na wengi wetu tukahama. Desemba Bob Hope alikuja kuwatumbuiza askari wa Marekani kwa Krismasi. Mkewe, Dolores, aliimba Saudia, lakini waimbaji wengine wa kike wa msafara wake, Marie Osmond na Pointer Sisters, hawakuruhusiwa. Niliposoma habari ile nilimpigia shangazi simu nikamwambia kuwa amewashinda Wamarekani. Akaniuliza kama nao walipewa kaseti mbovu.

Shangazi alifariki 2003. Mohammed Abdu alirudi kuimba hadharani Jeddah Januari 2017, na Desemba mwaka huo Hiba Tawaji wa Lebanoni aliwaimbia wanawake Riyadh, katika Jumba la Utamaduni la Mfalme Fahd. Oktoba 2019 mjukuu wa shangazi alinipigia simu kutoka uwanja wa Mfalme Fahd, vijana wa Korea, BTS, wako jukwaani, na umati unapiga kelele hata simu ikapasuka sauti. Alitaka nisikie. Nilisikia.

Kaseti ya usiku wa onyesho imepotea. Iliyobaki ni ya mazoezi ya Idi mosi, pamoja na ubishi wote, na nimeihamishia kwenye kompyuta kwa kasi yake ya haki. Upande wa pili umeliwa na unyevu, na huko ndiko uliko wimbo wa pili. Najua nakala tatu zilitolewa asubuhi ile, mbili zikaenda Maskati na moja London. Mwenye nayo, hata ikiwa imekatika, asiitupe wala asiiunge mwenyewe kwa gundi. Awape kamati, nami nitamrudishia.