Ikulu, Baraza na Boma: Majengo ya Utawala Kitete na Tabora

Insha hii inachunguza historia ya majengo ya utawala katika Kitete, iliyomo katika Manispaa ya Tabora, na maeneo yanayoizunguka. Hoja yake ni kwamba historia hiyo haikuanza na boma la Wajerumani, ingawa boma ndilo hutajwa kwanza kwa kuwa kuta zake zingali zimesimama.

Kabla ya boma, utawala wa Unyanyembe ulikaa katika ikulu. Neno hilo, ambalo leo hutaja makazi ya Rais, asili yake ni Kinyamwezi na lilimaanisha makao ya mtemi. Humo ndimo mashauri yalimosikilizwa na hongo ya misafara kujadiliwa. Kwa kuwa ilijengwa kwa miti na udongo, ikulu iliweza kuhamishwa. Uhalali wake ulitokana na mtemi, si na kuta.

Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokaa Kazeh, ambako Burton na Speke walifika Novemba 1857, walijenga matembe yenye mapaa bapa ya udongo. Mbele yake palikuwa na baraza, mahali pa kupokea wageni na kuzungumza biashara. Neno hilo la sehemu ya nyumba ndilo pia jina la mkutano wenyewe, kama tusemavyo hadi leo baraza la madiwani.

Januari 1893, Wajerumani chini ya Tom von Prince waliivamia ngome ya Mtemi Isike, naye akalipua baruti badala ya kujisalimisha. Tangu hapo boma lilishika nafasi ya ikulu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji. Waingereza, kwa sheria ya mwaka 1926, waliwarudishia watemi mabaraza, lakini chini ya usimamizi wa mkuu wa wilaya.

Baada ya Uhuru, utemi ulifutwa mwaka 1963. Mwaka 1972 halmashauri nazo zilivunjwa, kisha zikarejeshwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984. Kwa hiyo, jengo laweza kudumu ilhali chombo kilicholipa maana kimekoma.

Jambo hili lina athari katika uhifadhi. Tembe la Kwihara limekuwa makumbusho kwa sababu Livingstone alikaa humo mwaka 1872; makao ya Isike, aliyetawala nchi hiyo, hayana umaarufu huo. Tukihifadhi yale tu yaliyojengwa imara au yaliyokaliwa na mgeni mashuhuri, tutawafundisha wanafunzi wa Tabora kwamba babu zao walitawaliwa tu, hawakujitawala. Maneno ikulu na baraza, ambayo Serikali ingali inayatumia, yanathibitisha kinyume chake.