Chikungunya ni Kimakonde
Jina la ugonjwa wa chikungunya, ambalo mara nyingi hudaiwa kuwa la Kiswahili, ni la Kimakonde, na linatokana na kitenzi kungunyala, yaani kupindika au kukunjamana, kwa kuwa maumivu makali ya viungo humfanya mgonjwa atembee ameinama, asiweze kunyoosha mgongo. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu baada ya mlipuko wa mwaka 1952 katika uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, na makala za Marion Robinson na W. H. R. Lumsden, zilizochapishwa mwaka 1955, ndizo zilizolieneza jina hilo duniani. Kiambishi chi- pekee kingetosha kuwatanabahisha wanaodai vingine, maana penye ki- ya Kiswahili sanifu Wamakonde hutumia chi-, na lugha yao wenyewe huiita Chimakonde. O'nyong'nyong, ugonjwa wa jamii moja na chikungunya uliozuka Uganda mwaka 1959, nao una jina la Kiacholi linalotaja kulegea kwa viungo. Kamusi inayoliingiza neno chikungunya haina budi kulitaja kuwa la Kimakonde.